Vidonge vya Kunawiri

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Mume wangu husema naamka nazo na kuzipigia mswaki. Lakini niambieni, mtu afanye nini anapoletewa wodini biharusi wa siku ya nne, piko bado nyeusi mpaka viwikoni, hawezi kusimama wala hajakojoa tangu jana, na aliyemleta anampa mkono wa pongezi?

Aliyenipa mkono ni Bi Badria wa Kiponda, mama wa bwana harusi. Siku hizi fungate nyingi hukaliwa kwa mume badala ya kwa mke, na hii ilikuwa nyumbani kwake. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa na usemi.

"Dokta Ilham, nadhani kheri imeshaingia," aliniambia.

"Kheri gani?"

"Mimba."

"Bi Badria, harusi ilikuwa Ijumaa. Leo Jumanne."

"Mimi ya Zahran niliijua siku ya pili."

Zahran mwenyewe, bwana harusi, alikuwa amesimama mlangoni kashika viatu vya mkewe, anatazama chini. Ana miaka ishirini na minane na duka la simu Darajani, na sikupata kumsikia akimaliza sentensi mbele ya mama yake.

Biharusi jina lake Dalal, miaka ishirini na miwili. Presha yake ilikuwa sabini kwa arubaini. Tulipojaribu kumkalisha kitako macho yalimpanda juu, tukamlaza haraka. Sukari ya damu ilikuwa mbili na nusu, na ikishuka zaidi ya hapo mtu hupoteza fahamu. Alikuwa ametapika tangu Jumapili, na nyumbani walimpa maji ya kusomewa na sharbati ya ukwaju.

Nikauliza kama kanywa dawa yoyote. Walinijibu wote kwa mpigo kwamba hakuna, na mwenye sauti thabiti kuliko wote alikuwa Bi Mwanamwema, aliyekaa miguuni pa kitanda akimsugua Dalal nyayo.

"Hajagusa hata panadoli, mwari wangu," akaniambia.

Mwari wake ni mimi kweli. Bi Mwanamwema ni somo. Msichana akiposwa hukabidhiwa kwake, yeye humfunda, humsugua singo, humpika mpaka ang'are, na siku za fungate hukaa chumba cha pili asikie akiitwa. Yasemwayo baina ya somo na mwari hayatoki nje, hata kwa mama mzazi. Miaka kumi na tisa iliyopita alinifunda mimi, na mpaka leo nikimwona njiani huvua miwani ya jua nikampa shikamoo. Kwa hiyo aliposema hata panadoli, nikaandika kwenye faili: hakuna dawa. Udaktari wangu wote nikauweka mfukoni kwa ajili ya adabu.

Majibu ya damu yakaja, na nyuma ya majibu akaja Dokta Masoud, bingwa wetu wa figo. Kreatinini, ile takataka ambayo figo nzima huitoa, ilikuwa mia tatu na kumi. Kwa msichana kama yule haikutakiwa kuzidi themanini.

"Figo zimekwenda," alisema Masoud. "Muingize kwenye orodha ya mashine ya kusafisha damu."

"Figo hazijakwenda popote. Zimekauka. Mpe maji."

"Umeshampa lita mbili, Ilham. Presha imefika wapi?"

Ilikuwa imefika sabini na tano, ikarudi sabini. Hilo ndilo lililonikera, kwa sababu alikuwa na haki. Mtu aliyetapika siku mbili ukimtia maji lita mbili lazima ainuke kidogo, na huyu alikuwa anayameza maji yale na kubaki pale pale. Tukabishana mbele ya wauguzi bila haya. Masoud hapandishi sauti, anakusomea namba tu, na mimi mtu asiyepandisha sauti hunitia wazimu.

Muuguzi ndiye aliyeniokoa bila kujua. Alimfunua dera ili amsafishe, nikaona tumbo. Lilikuwa limepasuka michirizi ya rangi ya zambarau, mipana kama kidole, na mapajani vile vile. Mikono myembamba, miguu myembamba, nyuma ya shingo kifundo cha nyama. Na uso wa duara, mashavu yamejaa mpaka macho yamekuwa madogo.

Uso ule nimewafundisha wanafunzi miaka na miaka. Wodini nautambua kutoka mlangoni. Na Ijumaa usiku, pale kwenye jukwaa la harusi, kati ya asumini na dhahabu, nilimshika Dalal mashavu hayo hayo kwa mikono yangu miwili na kumwambia, "Mashaallah, umenawiri." Nikapiga na vigelegele. Niliona aibu pale kitandani mpaka masikio yakapata moto.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na tezi hizo hutengeneza homoni inayomsimamisha binadamu. Bila hiyo hakuna presha wala sukari, na ugonjwa mdogo unamwangusha mtu. Ukimnywesha mtu homoni ya namna hiyo kwa vidonge, wiki baada ya wiki, ananenepa uso, anapata hamu ya kula, na tezi zake zinalala. Ni kama nyumba iliyoletewa mpishi, watoto wa kike wote wakasahau kupika. Siku mpishi akiondoka ghafla, jiko limezimika na hakuna anayejua kuliwasha.

Sikungoja ushahidi. Nilimdunga haidrokotisoni miligramu mia moja, nikamwongeza sukari na maji ya chumvi. Masoud alisimama na karatasi yake.

"Na kama si hivyo?" akauliza.

"Kama si hivyo nitakuwa nimempa sindano moja isiyomdhuru. Na kama ni hivyo nisipompa atakufa huku wewe unamtafutia kitanda cha mashine."

Kufika alasiri presha ilikuwa mia kwa sitini. Dalal akafumbua macho, akatazama dari, kisha akaomba urojo. Biharusi wa watu, katoka kwenye mlango wa kaburi, anataka urojo wenye bajia nyingi! Muuguzi mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi. Magharibi mkojo ulianza kushuka kwenye mfuko, kidogo kidogo, wa rangi ya chai, na Masoud akaja akausimamia muda mrefu.

"Haya," alisema, akaenda zake. Kwa Masoud hiyo ni hotuba.

Kesho yake kreatinini ilikuwa imeshuka nusu. Nikangoja jamaa waende kula, nikavuta pazia na kukaa kitandani kwa Dalal.

"Mwanangu, nshajua ulikunywa vidonge. Niambie vingapi na muda gani tu."

Alianza kulia kabla sijamaliza. "Ukimwambia Bi Badria ntaachwa, dokta. Wallahi ntaachwa."

"Sitamwambia."

"Apa."

Nikaapa. Yule ni mgonjwa wangu na siri ni yake, hata asingeniapisha nisingeweza kusema. Akanieleza basi. Siku arubaini kabla ya harusi, vidonge vya aina mbili, vyeupe na vya manjano, vimefungwa kwenye karatasi, kutwa mara tatu. Jina hajui, anajua vinaitwa vidonge vya kunawiri. Siku ya harusi somo akamwambia aache, kazi imekwisha.

"Alikulazimisha?"

"Hakunilazimisha. Mwanzo alikataa. Nilivitaka mwenyewe, nikamlilia siku mbili." Akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Bi Badria alipokuja kunitazama alisema uso mzuri, ila mkavu. Alisema nna mifupa kama kikapu. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia."

Nilitamani kutoka nje nikamlete Bi Badria nimkalishe mbele ya kikapu chake. Lakini nilikuwa nimeshaapa.

Nikamweleza Dalal kwamba tezi zake zimelala na hazitaamka leo wala kesho. Itambidi anywe vidonge nitakavyompa mimi kila siku ya Mungu, nivipunguze polepole kwa miezi, asiruke hata siku moja. Akiruka atarudi pale pale alipokuwa, na pengine hatafika hospitali. Alitikisa kichwa, akasema kafahamu. Nadhani alifahamu.

Alhamisi asubuhi Bi Badria alikuja na mkoba mtupu wa kutilia nguo.

"Anakula, anakojoa, anacheka. Maradhi gani tena? Jumamosi ni siku ya kutoka fungate, nshaalika watu mia na hamsini."

Nilimwomba siku tatu zaidi, akanijibu kwamba mchele umeshaoshwa. Dalal mwenyewe akasema anataka kwenda, kwa sauti ya mtu aliyefundishwa la kusema. Nikatia prednisoloni kwenye bahasha ya kaki, nikaandika viwili asubuhi na kimoja mchana, nikampa mkononi.

"Za nini hizi?" akauliza mavyaa.

"Za kumpa nguvu."

Hapo nilikosea. Ningenyamaza ingekuwa bora. Bi Badria aliichukua ile bahasha kutoka mkononi mwa mkwewe, akakitazama kidonge kimoja kwenye mwanga wa dirisha, kidogo, cheupe, hakina jina, kisha akanitazama mimi tangu kichwani mpaka viatuni.

Jioni yake Dalal akaniletea ujumbe kwenye simu. Mama kavitupa chooni vyote. Kasema ni vya uzazi wa mpango, dokta kampa ili nisizae. Usimwambie kitu.

Nilisoma mara tatu. Nimesoma miaka saba nchi ya baridi, nimejifunza kuhesabu homoni ambazo jicho halioni, na nilikuwa nimeshindwa na choo cha Kiponda. Na tukisema kweli, kwa upande wake Bi Badria alikuwa na akili yake. Biharusi wa wiki moja, kidonge kidogo cheupe kila siku, dokta mwanamke mwenye watoto wawili tu. Angefikiri nini jengine?

Ijumaa asubuhi na mapema nikaenda Darajani kwa Zahran na bahasha nyengine. Biharusi hatoki nje siku zake za fungate, kwa hiyo mwenye njia ya kumfikia ni mumewe.

"Mpe mwenyewe, mkononi, asubuhi hii hii," nikamwambia. "Akikosa hivi atarudi kwenye dripu."

"Mama anajua?"

"Zahran, wewe ndiye mume."

"Naam," akasema.

Akenda moja kwa moja nyumbani, akamwonyesha mama yake bahasha, akamuuliza, "Mama, nimpe?" Hayo nayo aliniandikia Dalal, na mwisho akaongeza kwamba kichwa kinamzunguka tena.

Baada ya sala ya Ijumaa nikapanda ngazi za Bi Badria mwenyewe. Nilikaribishwa kahawa na halua, nikaulizwa hali ya mama yangu.

"Bi Badria, zile dawa si za kuzuia mimba. Naapa kwa aliyeniumba."

"Alhamdulillahi. Za nini basi?"

"Siwezi kukwambia."

"Ana maradhi gani mkwe wangu?"

"Siwezi kukwambia."

"Basi dokta," akasema, akanisogezea halua, "ndizo hizo hizo."

Kila neno ambalo lingemwokoa Dalal lilikuwa neno la Dalal, na Dalal alikuwa amelifungia. Nilimwomba nimwone, nikaambiwa amelala, kachoka, kesho kuna shughuli. Nilishuka ngazi zile kwa kishindo mpaka jirani akachungulia.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwenye kata alikuwa anakaa Mkunazini, nyumba ya ghorofa moja yenye baraza iliyopakwa chokaa upya. Nilimkuta Bi Mwanamwema anatwanga liwa kwa ajili ya biharusi mwengine.

"Shikamoo somo."

"Marahaba mwari wangu. Kaa."

Sikukaa. "Vile vidonge unavinunua wapi?"

Mchi haukusimama. "Vidonge gani?"

"Somo, mimi nimeshamwona tumbo lake. Usinifanye mtoto."

Alitwanga mara tano sita. "Kilicho chumbani hubaki chumbani. Weye nilikufunda hivyo, na yako mpaka leo sijamwambia mtu."

"Yangu hayakuwa na sumu!"

"Sumu!" Hapo akauweka mchi. "Miye niwape watoto wa watu sumu? Vidonge vinauzwa dukani, mchana kweupe, na mtu aliyevaa koti jeupe kama lako. Wanakuja hapa wamekonda kama njiti, wanalia, wanaogopa watu watawasema. Nnawapa uso. Kosa liko wapi?"

"Kosa ni kuvikatisha! Umezilaza tezi zake siku arubaini, kisha ukamwambia aache siku moja. Sasa mwili wake hauna kitu cha kuusimamisha, na dawa ya kumsimamisha Bi Badria anaitupa chooni, na miye siwezi kumwambia kwa nini. Weye unaweza. Mwambie."

"Nikisema leo, nani ataniletea mwari kesho? Na yule mtoto ataachwa. Ndivyo unavyotaka?"

"Nnataka asife!"

Nilipiga kelele. Nimempigia kelele mwanamke aliyenifundisha namna ya kukaa mbele za watu, na sauti ikatoka hadi barazani. Nikamwambia na mengine, kwamba uzuri wake ni wa mkakasi, na kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kitamuumbua yeye na si Dalal.

"Huanzaje?" akauliza mwisho, taratibu.

"Nini?"

"Hayo maradhi. Mtu akiacha. Huanza vipi?"

"Hulegea. Hutapika, anakataa chakula. Watu hudhani mimba, au hasadi. Kisha anakuwa wa baridi, analala, na siku ya pili au ya tatu haamki."

Bi Mwanamwema akafunika kinu kwa kawa. Akakaa na mikono juu ya kile kifuniko.

"Nshasikia," alisema. "Nenda."

Nilikwenda. Nilijua nimefukuzwa, na nilijua nimeshindwa, na njia nzima mpaka Vuga nilikuwa najibizana naye peke yangu, watu wananipisha.

Jumamosi nilijipamba nikaenda shughulini. Nilivaa gauni la dhahabu, na ndani ya mkoba, kati ya leso na manukato, nilitia chupa mbili za haidrokotisoni na bomba la sindano. Gari la hospitali nililiomba lingoje barabarani, kwa sababu vichochoro vya Kiponda havipitishi gari. Nilikuwa nimeamua kwamba nikimwona Dalal anaweza kusema, nitamwomba ruhusa mbele ya mavyaa yake. Na akiwa hawezi kusema sitamwomba mtu.

Ukumbi wa juu ulijaa wanawake na moshi wa udi. Dalal alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mbele, nguo ya kijani, kidani, asumini kichwani, na poda nyeupe imechirizika mashavuni kwa jasho. Kila anayekwenda kumpa mkono alikuwa anamwambia amependeza. Nilimfikia nikamshika kiganja. Kilikuwa baridi na maji maji.

"Dokta," alisema kwa midomo tu.

Nikamwambia, "Niruhusu niseme."

Hakuwahi kujibu. Alitapika juu ya nguo ya kijani, kichwa kikaangukia begani, akateleza kutoka kitini hadi kwenye mazulia. Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea upande wa nyuma, kwa wale ambao hawajaona. Kisha kila mtu akasema lake. Mmoja anaita hasadi, mwengine anataka maji ya zamzam, mwengine anasema huyo ni mja mzito, mpisheni apate hewa. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti, nimevuta dawa kwenye bomba, nimelipandisha gauni hadi pajani, na hapo Bi Badria akanidaka mkono.

"Hutamdunga!" alisema. "Hutamfunga kizazi mtoto huyu ndani ya nyumba yangu, mbele ya macho yangu!"

Ana nguvu Bi Badria. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, sindano imesimama juu ya paja la Dalal, na wanawake mia na hamsini wananitazama kama mwizi. Nilimwambia aniachie. Nilimwambia anakufa. Alinishika zaidi.

"Mwache amdunge, Badria."

Bi Mwanamwema alikuwa mlangoni, ndio kwanza anaingia, buibui bado mwilini. Wanawake walimpisha. Hakuja mpaka mbele, alisimama katikati ya ukumbi ambapo kila mtu angemwona.

"Hiyo dawa haizuii kizazi. Miye nilimpa biharusi vidonge vya kumnenepesha, siku arubaini, nikamkatisha siku ya harusi. Vimemwondoa nguvu mwilini, na dokta anazirejesha. Yeye hakutaka. Nilimpa kwa amri yangu na nikamwapisha asiseme. Kama kuna wa kulaumiwa ndani ya nyumba hii, nilaumuni miye."

Mikono ya Bi Badria ililegea. Nikadunga. Nikatia kidole cha asali mdomoni mwa Dalal, nikamwinua miguu juu ya mto wa biharusi, na moyoni, pamoja na hofu yote ile, nikajua nimesikia uwongo. Dalal aliviomba mwenyewe, kwa kilio cha siku mbili. Somo alikuwa ametoa siri yake na kubaki na ya mwari wake.

Bi Badria alikaa chini, akakipakata kichwa cha mkwewe. "Kunenepa?" alikuwa anauliza. "Nani aliyemwambia mtoto huyu anenepe?" Aliniuliza mimi, akamuuliza Zahran aliyekuwa ameitwa kutoka chini kumbeba mkewe. Niliuma ulimi mpaka nikasikia uchungu. Zahran hakumuuliza mama yake kitu. Alimwambia asogee, akapiga magoti mahali pake.

Mapigo ya Dalal yalianza kushikika chini ya kidole changu. Akafumbua jicho moja, akamwona mumewe, akalifumba tena. Alikuwa anapumua vizuri. Nikawaambia wamshushe ngazi polepole, gari lipo barabarani, na mimi nikabaki nyuma kukusanya vitu vyangu.

Ukumbi ulikuwa haujatawanyika. Mwanamke mmoja mwenye kilemba cha njano aliuliza, kwa sauti ndogo, "Somo, na Asya wangu ulimpa?" Bi Mwanamwema akaitikia kwa kichwa. Mwengine akauliza wa kwake, na mwengine. Kwa kila mmoja alijibu ndiyo au hapana, hakuficha hata mmoja, na mimi nikawa nasema kama mwehu, waleteni, waleteni wote kesho wodini, hata kama wazima, na anayevinywa sasa asiache ghafla. Walikuwa wananisikiliza. Kwa mara ya kwanza wiki ile kulikuwa na mtu ananisikiliza.

Kisha ikaja zamu ya mwanamke aliyekuwa amebeba sinia la sharbati, mtu mzima, mwembamba, kanga ya rangi iliyofifia. Alikuwa amesimama nalo muda wote. Hakumtazama somo, na somo alipomwona alishika nguzo.

"Wangu alikuwa hivi hivi," alisema. "Alitapika, akalegea, akawa wa baridi. Tukasema hasadi, tukamsomea. Siku ya tisa ya harusi tukamzika." Macho yake yalikuwa kwenye mkono wangu, kwenye lile bomba tupu. "Hiyo sindano, dokta. Mwaka jana ilikuwepo?"

Wanawake wote walinigeukia.

"Ilikuwepo," nikamwambia.